Bi Kifutio na Kurasa Nne Anazotuachia

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na tano mwezi wa sita, na ninaahidi kusema yote. Mama ameniambia nisiseme yote, kwa sababu programu ya sherehe ni karatasi moja iliyokunjwa katikati, na upande mmoja umeshachukuliwa na ratiba. Lakini mwalimu wangu wa insha ametufundisha kwamba mtu akianza kuchagua ya kuacha kabla hajaandika, ataliacha lile lenyewe. Kwa hiyo nitaandika yote, na atakayepunguza apunguze. Atakayepunguza ni mstaafu mwenyewe. Hakuna karatasi inayotoka katika ofisi ile bila kupita mezani kwake, hata hii inayomsifu.

Ijumaa ya tarehe ishirini na saba mwezi huu, mwandishi na mhariri wetu wa hadithi za picha atastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Bi Kifutio, na mwenyewe huitikia, hata kwenye simu. Mimi nyumbani humwita shangazi, ingawa si dada wa baba yangu, lakini mama anasema kwenye maandishi ya kazi nimwite kama anavyoitwa na kila mtu.

Mimi si mfanyakazi. Mama yangu ndiye mwandika maneno wa gazeti. Yote yanayosemwa na wahusika huyaandika kwa mkono wake ndani ya viputo, yaani yale maduara yenye mkia unaoelekea mdomoni mwa anayezungumza. Mimi ni msomaji wa kwanza, cheo ambacho hakina mshahara na ambacho nitakieleza baadaye. Nimepewa kazi hii kwa sababu Mchoraji alisema yeye angeuchora wasifu badala ya kuuandika, Meneja alisema yeye ana hotuba, na mama alisema akianza tu atalia na wino utachuruzika.

Jambo moja nalisema mapema ili nisionekane nimelificha. Bi Kifutio anaondoka na Fundi Bomba, mhusika aliyemtunga na kumwandika miaka yote hii, na hakuna aliyethubutu kuomba kumrithi. Katikati ya gazeti zitabaki kurasa nne tupu. Meneja amesema kwenye mkutano kwamba, kama hadithi mpya haitapatikana kabla Bi Kifutio hajakabidhi funguo, kurasa hizo zitauzwa kwa matangazo, na wa kwanza kwenye foleni ni watu wa magodoro. Magodoro hayazungumzi, kwa hiyo mama hatakuwa na viputo vya kujaza. Tena huja yameshapigwa picha, kwa hiyo Mchoraji hatakuwa na cha kuchora. Mwenye neno la mwisho kuhusu hadithi ipi iingie ni Bi Kifutio. Watu wazima wengi wamemletea zao, naye amezirudisha zote. Mwezi uliopita nami nilimpa yangu. Mpaka leo hajasema kitu.

Nimeshasema. Sasa nirudi kwenye kazi yake.

Bi Kifutio hakuajiriwa kuandika hadithi. Aliajiriwa kusahihisha makosa katika kiwanda kidogo kilichochapa kalenda na madaftari ya shule. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mwezi wa pili hauna siku thelathini na kwamba saba mara nane haibadiliki. Kwenye jalada la nyuma la daftari, chini ya jedwali la kuzidisha, palikuwa na nafasi nyeupe yenye upana wa kiganja. Anasema ile nafasi ilimkera kama jino lililong'oka. Akamwomba kijana aliyekuwa akichora maua ya kalenda, ambaye ndiye Mchoraji wetu wa leo, amchoree visanduku vinne. Ndani yake akaweka fundi wa mabomba aliyeitwa kuziba koki inayovuja, akakuta wenye nyumba wanagombana, akaziba ugomvi kwanza na koki baadaye. Huyo ndiye Fundi Bomba, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza duniani.

Hadithi iliendelea kutoka toleo moja la daftari hadi jingine. Tatizo ni kwamba mashine haikujua mfuatano. Majalada yalichanganyika, sehemu ya tatu ikauzwa kabla ya sehemu ya pili, na duka moja likapata sehemu ya nne peke yake. Wanafunzi wakaanza kubadilishana madaftari ili wajue kilichotokea. Mwalimu wa hesabu akasahihisha daftari la jiografia. Mzazi mmoja alikwenda kiwandani na madaftari sita ya mwanawe, yote mapya, hayana hata mstari mmoja, akauliza ni elimu gani hii inayosomwa kwenye jalada. Meneja wa wakati huo alimwita Bi Kifutio ofisini. Yeye alidhani anafukuzwa, akafungasha kikombe chake. Akaambiwa atengeneze gazeti zima, ili watoto waache madaftari yawe madaftari.

Gazeti likahamia kwenye chumba ambacho bado tunakitumia, juu ya fundi cherehani. Wengi wenu mnakijua, lakini nakieleza kwa ajili ya wageni wa siku hiyo. Dirisha halifungi, kwa hiyo mvua ikinyesha karatasi zote huhamia upande wa kabati. Meza ya Mchoraji ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti, na bado una tundu la kitasa. Penseli zake hudumbukia humo siku nzima, naye hupiga magoti na kuzilaumu kwa majina. Meza ya Bi Kifutio inatazama ngazi. Juu yake kuna vifutio vilivyolika mpaka vimekuwa kama punje za mahindi, kwa sababu hatupi hata kimoja. Anasema kidogo ndicho kinachoingia kwenye pembe.

Anapoandika, husoma kwa sauti, na kila mhusika ana sauti yake. Kuna siku mlinzi wa jengo alipanda ngazi mbio akiwa na rungu.

"Mama, wanaogombana wako wapi?"

"Ni mimi."

"Na yule mwanamume anayetukana?"

"Ni mimi vilevile, samahani."

Mlinzi akatazama nyuma ya kabati. "Na kulikuwa na bata."

"Bata ametoka kidogo," akasema Bi Kifutio, na kuendelea kuandika.

Huyo bata anastahili aya yake. Alikuwa bata wa kawaida aliyemfuata Fundi Bomba kwa sababu palipo na bomba bovu pana dimbwi. Hakuwa na neno hata moja. Mwezi mmoja kazi ilifanywa kwa haraka, na mkia wa kiputo kimoja ukapita kichwa cha mwenye nyumba ukaishia mdomoni mwa bata. Gazeti likatoka hivyo. Bata anawatazama wapangaji na kusema, "Nyumba hii ni yangu, na kila kilichomo ni changu." Mama, aliyekuwa ameajiriwa wiki ile, aligundua kosa akiwa kwenye kibanda cha magazeti. Barua za wasomaji zilijaa gunia, na swali lilikuwa moja: bata alipataje nyumba?

Mwingine angechapa ukurasa wa kuomba radhi. Bi Kifutio alimuuliza mama, "Mkia uliuvuta wewe au Mchoraji?" Mama akasema ni yeye. Akaambiwa, "Basi umetupa kazi ya mwaka mzima. Kaa." Toleo lililofuata lilionyesha kwamba bata alikuwa amerithishwa nyumba ile na mzee asiye na watoto, ambaye hakuna mpangaji aliyewahi kumjulia hali isipokuwa bata. Tangu hapo bata ndiye mwenye nyumba, hukusanya kodi, na ni mkali kuliko binadamu. Watu wakiulizwa wanampenda nani katika gazeti letu, hawamtaji Fundi Bomba. Fundi Bomba ameumia kidogo, lakini amezoea.

Sasa cheo changu. Nilipokuwa na miaka saba, mama hakuwa na mtu wa kuniachia baada ya shule, hivyo nilikuwa naketi kwenye kigoda kati ya meza yake na ndoo ya maji. Bi Kifutio alikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Hakuna hadithi iliyokwenda kwa mchapaji kabla haijasomwa bila maneno. Alikuwa akikata vipande vya karatasi nyeupe, anaviweka juu ya kila kiputo, kisha anamwita mtu ambaye hajui kitu na kumwambia, "Nisimulie." Kabla yangu alikuwa akimwita fundi cherehani wa chini, lakini fundi alikuwa na adabu mno. Kila hadithi alisema ni nzuri sana, mama.

Mimi sikuwa na adabu hiyo. Aliniwekea ukurasa wa kwanza, nikautazama, nikasema, "Huyu mama amekasirika. Wageni wamekuja na chakula kimeungua."

Bi Kifutio akageuka kwa Mchoraji. "Amefurahi kuona wageni, si ndiyo?"

"Amefurahi sana," akasema Mchoraji. "Tazama meno hayo yote."

"Tatizo ni nyusi."

"Nyusi zina nini?"

"Zimefumba ngumi."

Mchoraji akanitazama kwenye kigoda changu. "Kwa hiyo nahaririwa na mtoto wa miaka saba."

"Miaka saba yote ameitumia kutazama nyuso za watu wazima," akasema Bi Kifutio. "Wewe unatazama karatasi. Rudia nyusi."

Akarudia. Na mimi nimekuwa nikiketi pale kila siku baada ya shule hadi leo niko kidato cha pili. Nikisimulia sawasawa, Bi Kifutio alikuwa akiinua vile vipande vya karatasi kimoja kimoja, anatazama maneno yaliyo chini, na kuyafuta yale niliyokwisha kuyasema mwenyewe. Alisema kama mtoto ameshayaona, hana haja ya kuambiwa tena kama aliyechelewa. Mama husema hajawahi kupata mkubwa wa kazi anayempunguzia kazi kwa kufuta.

Niliahidi kusema yote, kwa hiyo nitasema pia la ukurasa mkimya. Kuna mwaka alifuta kupita kiasi. Fundi Bomba alikuwa amefiwa na mwalimu wake wa ufundi, na Bi Kifutio akaondoa maneno ya ukurasa mzima, hata jina la hadithi. Wasomaji walidhani wino uliisha. Wenye vibanda walirudisha gazeti kwa mafurushi, wakampigia kelele mchapaji, naye mchapaji akapanda ngazi zetu akitoa povu. Bi Kifutio aliutazama ukurasa ule siku kadhaa. Halafu akamwambia mama, "Nimefuta mpaka nikafuta na mlango wa kuingilia." Toleo lililofuata ukurasa ulirudiwa, na juu kabisa yakaandikwa maneno matatu tu: Baada ya mazishi. Hakuna aliyerudisha gazeti. Mchoraji anasema watu walikata ukurasa ule wakaubandika ukutani. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini ninao, na ni kweli una alama za gundi ya mtu mwingine.

Katika miaka yake gazeti limetoka kila mwezi bila kuruka, hata mwezi ule ofisi ilipofurika na wote wakafanyia kazi ngazini. Amefundisha wachoraji ambao sasa wana magazeti yao. Amejibu barua za wasomaji kwa mkono, na mtoto aliyeuliza kama bata hupiga mswaki alijibiwa kwa michoro. Jambo ambalo hakuwahi kulifanya ni kujifunza kuogelea, ingawa ameandika habari za maji maisha yake yote. Anasema hilo ndilo la kwanza atakalolifanya Jumatatu baada ya kustaafu. Mchoraji amemwambia atakuja ukingoni mwa bwawa na kifutio, ili akianza kuzama amfute maji.

*

Nilipofika hapo jana niliweka kalamu chini, kwa sababu nilidhani kilichobaki ni shukrani tu. Leo ni Jumatatu. Mama amerudi kutoka kazini na bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza ya jikoni na kusema, "Shangazi yako kakupa hii."

Ilikuwa hadithi yangu. Inamhusu msichana aliyepewa zamu ya kugonga kengele ya shule, akagundua kwamba shule nzima, pamoja na mwalimu mkuu, hufanya unaloamua mkono wake. Niliiandika kurasa nne kamili, na watu wake niliwachora kwa vijiti, maana sijui kuchora. Viputo nilivijaza vizuri, kwa mwandiko wangu wa mtihani.

Bi Kifutio alikuwa amefuta. Hakufuta maneno peke yake. Alifuta na watu, na madarasa, na mwalimu mkuu. Kurasa tatu zilikuwa nyeupe kabisa, zina makovu ya penseli tu. Katika ukurasa wa nne kilibaki kisanduku kimoja. Msichana ameinua chuma juu, hajagonga bado, na uwanja mzima umegeuka kumtazama. Hakuna neno ndani yake, kwa sababu mle sikuwa nimepata la kuandika.

Mama akaniuliza, "Mbona umekuwa hivyo?"

"Kafuta yote."

"Kafuta yeye? Kwa mkono wake?"

"Mama, si unaona?"

Akazichukua karatasi, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya nyingine. Kisha akaanza kucheka, akavuta kiti na kuketi. Nikakasirika, maana sikuona cha kuchekesha.

"Wewe unaziona zile zinazochapwa tu," akasema. "Zile zinazokataliwa ninazitia mimi kwenye bahasha. Wote wale wamerudishiwa za kwao zinang'aa. Hakuna hata alama. Huyu mama hagusi asichokitaka, mwanangu. Nimefanya naye kazi tangu siku za bata, na sijawahi kumwona akikifuta kitu ambacho hana mpango nacho."

Nikazitazama upya zile kurasa. Nikahesabu muda ambao mtu anahitaji kufuta mwalimu mkuu mzima, na miwani yake, bila kuchana karatasi.

Mama ana habari nyingine mbili, na kwa kuwa niliahidi, naziandika. Mchoraji alichungulia kisanduku kile mezani kwa Bi Kifutio, na ameniagiza nimwambie kama kengele ile ni kengele ya kweli au ni rimu ya gari iliyoning'inizwa, maana rimu anaiweza zaidi. Ni rimu. Na Meneja amewaambia watu wa magodoro wasubiri hadi Ijumaa ya sherehe. Hakuwaambia hapana. Amewaambia wasubiri.

Kwa hiyo namalizia.

Kwa niaba ya mama, ambaye hukumfukuza kwa sababu ya bata. Ya Mchoraji, aliyejifunza nyusi uzeeni. Ya Meneja, ambaye atayasema haya vizuri zaidi kwenye hotuba. Ya fundi cherehani wa chini, anayesema kila ulichoandika ni kizuri sana. Na ya wasomaji wote waliojua kusoma nyuso kabla ya kujua kusoma herufi, tunakushukuru, Bi Kifutio. Tunakuombea asubuhi zisizo na ngazi za kupanda, majirani wasiokuja na rungu, na maji ya bwawani yasiyozidi kifua mpaka utakapozoea. Nyumbani kwako pawe na kicheko, nasi utuache tuje kukisikia.

Na sasa, shangazi, kwa kuwa najua unasoma hii kabla ya mtu mwingine, na kalamu unayo mkononi, futa unachotaka lakini hili usilifute kabla hujalijibu. Mama atapita mezani kwako kesho asubuhi. Mpe jibu aniletee, neno moja linanitosha, kwa sababu karatasi nimeshaipigia mistari na penseli nimeshaichonga: kisanduku kile ulichokiacha, nianze nacho au nimalizie nacho?